Mbwa Aliyeachiwa Pindo

Baba yangu alikuwa fundi cherehani, na alikuwa na maringo ya macho yake. Mteja akipanda tu ngazi za baraza letu, baba alimtupia jicho mara moja, akataja kifua, kiuno na urefu wa mkono, ndipo akashika kamba yake ya kupimia ili mteja ashuhudie mwenyewe. Kwa watoto ndiyo alikuwa hatari zaidi. Mwanamke analeta mwanawe ashonewe kanzu ya Idi, baba anamtazama mtoto, anamtazama mama, anasema, "Huyu hatamupita babake. Pindo kidogo inatosha." Na Idi ya tatu unakuta kanzu bado inamkaa. Katika mtaa wetu wa Waswahili pale Gisenyi, mji wa kando ya ziwa, hakuna aliyethubutu kubishana naye juu ya kipimo, na watu walikuja kutoka Mahoko na vitambaa vyao kwapani kwa sababu ya macho hayo tu.

Nayasema haya mapema mpate kuelewa jinsi mtu mwenye akili timamu anavyoweza kuapa juu ya urefu wa mbwa. Mnaweza kucheka. Mimi nilikuwepo, nilikuwa na miaka tisa, na mpaka leo nikikumbuka mwili unanisisimka.

Mbwa haingii katika nyumba ya Kiislamu, hilo kila mtu analijua. Akilamba chombo, unakiosha mara saba, na mara moja katika hizo kwa udongo. Lakini mwaka ule wezi walikuwa wametoboa ukuta wa nyuma wa duka letu mara mbili na kuchukua majora ya kaki, kwa hiyo baba akaenda kumwuliza mwalimu wetu, yule aliyetufundisha Kurani na kuamua mambo ya ndoa na mirathi pale mtaani. Mwalimu akamwambia mbwa wa kulinda anaruhusiwa, mradi akae uani na awe na bakuli lake. Baba akamwomba mpishi mmoja, aliyefanya kazi kwa Mzungu kule chini ziwani, amtafutie.

Mpishi alikuja na kikapu, na ndani yake kulikuwa na kitu kinachoweza kulala ndani ya kofia ya baba na nafasi ikabaki. Mama yake, alisema, ni mbwa wake mwenyewe, wale wadogo wekundu wa kuwindia wanaovishwa kengele ya mbao shingoni. Baba yake hamjui. Kwa yule Mzungu kulikuwa na jibwa kubwa la kutisha, lakini mpishi alisema lile linafungwa mnyororo. Mtu mmoja barazani akamwuliza kama mnyororo wenyewe ni mrefu, watu wakacheka, na mpishi naye akacheka.

Baba hakutaka kumgusa mbwa kabla ya swala. Aliniambia nimnyanyue kwa makwapa, akamtazama mbele, akamtazama ubavuni, kama anavyomtazama mteja.

"Mama yake anafika hapa," alisema, akionyesha katikati ya muundi wake. "Tuseme baba yake ni yule wa Muzungu, tuseme tu. Bado huyu hatapita goti langu."

Mama alikuwa ametoka na birika la chai ya wateja. Mama yangu hakuwa mtu wa mjini. Alizaliwa Bugeshi, kule juu kwenye baridi chini ya volkano, nyumba ya ng'ombe na mbwa, akasilimu alipoolewa na baba. Alijifunza kuvaa mtandio, alijifunza Kiswahili, alijifunza kupika pilau, na baada ya miaka yote hiyo mtaa bado ulimwita mtu wa milimani. Baba naye alimwita hivyo, akifurahi na akiudhika.

Aliweka birika chini, akaushika mguu wa yule mtoto wa mbwa akauminya kwa vidole. Kisha akavuta ngozi ya shingo, na ngozi ikaja yote mkononi mwake.

"Huyu atakuwa mukubwa," alisema. "Atafika karibu na kiuno yako."

Baba alicheka. "Mumusikie. Mutu wa milimani anafundisha fundi kupima."

"Mi sipimi, naangalia tu. We ukishona kanzu ya mutoto, si unaacha pindo? Ona hii ngozi. Ona hii miguu. Mungu amemuachia pindo."

Baraza zima lilianguka kwa kicheko. Mzee mmoja muuza chumvi alifuta machozi akasema, "Fundi, leo umeshonewa." Baba alitabasamu kwa midomo tu. Mimi nilikuwa nimembeba mbwa na nilikuwa nacheka pamoja nao, mjinga mimi, nikadhani mambo yameishia hapo.

Mama alipoingia ndani na birika, baba aliinuka akamfuata, nami nikafuata nyuma yake. Kwenye mlango wa uani alisimama, akaegemeza mguu wake kwenye mwimo wa mlango, akatoa chaki iliyokuwa sikioni akachora mstari usawa wa goti. Alichora polepole na kwa unyofu, kama anachora kitambaa cha mteja wa heshima.

"Unaona huu mustari?"

"Nauona," mama alisema.

"Wallahi, mbwa huyu akipita huu mustari, we umeachika."

Akarudisha chaki sikioni. Mtoto wa mbwa akaniponyoka mikononi akaanguka chini na kulia. Neno hilo nilikuwa nalijua. Jirani yetu mmoja aliachwa mwaka uliotangulia, nilimwona akitoka na godoro lake kichwani na watoto wake wamesimama mlangoni kwa baba yao, kwa maana kwetu mtoto mkubwa hubaki kwa baba. Nilimtazama baba nikitegemea aseme kwamba anatania. Na yeye alikuwa anautazama ule mstari, na nadhani aliushangaa kama mimi. Lakini barazani watu walikuwa bado wanacheka, na aliwasikia. Akatoka akawaambia kwa sauti kwamba ameapa, na ameapa kwa ndoa yake. Kicheko kikakatika pale pale.

Kesho yake mwalimu alikuja mbio. Alimwambia baba kwamba hiyo ni talaka ya sharti, kiapo si mchezo, siku mbwa atakapopita mstari talaka imeshuka, hata kama wote wawili wamelala. Akamwambia amrudishe mbwa kwa mpishi leo hii. Baba akakataa. Alisema akimrudisha watu watasema ameogopa, na kwamba haogopi, kwa sababu mbwa hatapita. Mama naye alipoulizwa akasema mbwa abaki. Nilifikiri wote wawili wamerukwa na akili.

Basi nikajitwika kazi hiyo mimi. Mambo ya wakubwa hayakunihusu, lakini mama alikuwa mmoja tu. Siku moja nilimpeleka mbwa kwa miguu mpaka Rubona, nikamwacha bandarini kati ya wauza samaki, nikarudi nyumbani nikilia njia nzima. Jioni nilimkuta uani amelala, amefika kabla yangu. Mimi ndiye niliyekuwa nampa makombo, kwa hiyo nikaanza kumpunguzia. Nilimpa nusu, kisha robo. Nilimwomba Mungu kila swala amdumaze. Mtoto wa miaka tisa anamwomba Mungu amdumaze kiumbe, haya ndiyo yaliyokuwa yananipata.

Hakudumaa. Alikua wiki kwa wiki, mbele ya macho yetu, na ile ngozi ya shingo ikajaa kama mama alivyosema. Miguu ilitangulia, mwili ukafuata.

Kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini baba alimpima. Yeye hakumgusa, alikuwa ameshatawadha. Mimi ndiye niliyemsimamisha mbwa kwenye mwimo na kulaza rula ya mbao mgongoni mwake, baba akainama kwa mbali akasoma. "Bado," alisema. Miezi ya kwanza alisema "bado" kwa sauti ya kusikika barazani. Baadaye alisema kwa sauti ya kusikika uani. Ilifika Ijumaa alisema kama mtu anayejisemea, na jasho limemtoka juu ya mdomo, na Gisenyi ile asubuhi ilikuwa na baridi. Nilimhurumia. Nilitaka aseme tu kwamba amekosea, kwamba mambo haya yaishe. Lakini baba yangu hakujua neno hilo linatamkwaje.

Wiki zilizofuata nilianza kudanganya. Nilipolaza rula niliikandamiza kwa kiwiko, na mbwa, masikini, alikuwa mpole, alikuwa anainama. "Bado," baba anasema, na mimi naiondoa rula haraka kabla hajaangalia tena. Nilijua mbwa ameshafika kwenye chaki. Sikuelewa inawezekana vipi, kwa sababu chakula chake nilikuwa nakijua, na chakula kile hakikutosha hata kuku.

Nililielewa asubuhi moja. Baba alikuwa na kawaida ya kukaa msikitini baada ya alfajiri mpaka jua litoke. Mimi niliamka mapema nikaenda nyuma ya jiko kuchukua kuni, na kulikuwa kumeshapambazuka, sikuona kwa kubahatisha. Mama alikuwa amechuchumaa mbele ya mbwa. Alikuwa na kibuyu cha maziwa, ambayo wanawake wa Bugeshi waliokuja mjini kuuza viazi walimletea kutoka kwao, na mimi siku zote nilidhani maziwa yale ni ya chai. Alikuwa anayamimina katika bakuli la mbwa. Pembeni kulikuwa na vichwa vya samaki na viazi vilivyopondwa. Mbwa alikula na mama alimpapasa mgongoni, polepole, kama anavyopapaswa ndama.

Nilipigwa na butwaa.

"Mama, unafanya nini?"

"Namulisha."

"Lakini atakua."

"Ndiyo," alisema.

Nilidhani amesahau kiapo, nikamkumbusha, haraka haraka, kama mtu anayemwambia mwenzake nyumba inaungua. Alisubiri nimalize. Kisha akafuta mkono kwenye kitenge chake.

"Mudogo wako aliposhikwa na homa," alisema, "mi nilisema hii joto si ya meno, tumupeleke lopitali. Baba yako akamuangalia mara moja. Kwa yale macho yake. Akasema, kesho atakuwa muzima, mutu wa milimani anaogopa bure. Kesho yake adhuhuri tulimuzika."

Nilikuwa na mdogo wangu aliyekufa, hilo nilijua. Hili lingine hakuna aliyewahi kuniambia.

"Miaka mine sasa," mama alisema. "Hajasema kitu. Hata siku moja hajasema, mama, ulisema kweli. Na mi siwezi kuondoka tu, mwanamuke haondoki tu. Alipochora ile chaki, mutoto yangu, mi niliona mulango."

"Na mimi?"

Alimimina maziwa yaliyobaki mpaka tone la mwisho.

"We utabaki kwa baba yako," alisema. "Najua. Nimelia mpaka nimechoka."

Nilimchukia. Nasema wazi kwa sababu sasa mimi ni mtu mzima na sina wa kumficha. Nilimchukia kwa yale maziwa, miezi yote ile nikimnyima mbwa chakula na yeye akimjaza nyuma yangu. Nilikwenda nikaketi chooni nikalia mpaka walipoanza kuniita. Lakini baba sikumwambia. Nilijaribu mara mbili, nikafika karibu na cherehani, nikaona yale macho yake yananitazama kutoka juu mpaka chini, nikageuka.

Ijumaa iliyofuata mwalimu alimpitia baba waende pamoja msikitini. Nilipomwita mbwa, mama alitoka jikoni.

"Leo nitamushika mi," alisema.

Baba hakukataa, mwalimu alikuwepo. Mama alimsimamisha mbwa kwenye mwimo, akamwinua kichwa kwa kidevu, na yule mbwa alisimama kama askari. Alilaza rula bila kukandamiza. Rula ilikuwa juu ya mstari kwa upana wa kiganja kizima. Kila mtu aliona. Kuku wa jirani waliona.

"Hajasimama vizuri," baba alisema.

"Amesimama," mama alisema.

Mwalimu aliinama, akavua miwani, akaivaa tena. "Fundi," alisema, "amepita."

Baba alikuwa mweupe midomoni. "Haiwezekani. Namuona anavyokula. Makombo ya mutoto tu. Mbwa wa makombo hawezi kufika hapo."

"Nimemupa maziwa," mama alisema. "Na samaki. Kila asubuhi, tangu ile siku."

Sijawahi kuona mtu akishtuka vile. Hakufoka. Alishika mwimo, akashuka taratibu akaketi kizingitini na kanzu yake nyeupe ya Ijumaa, pale pale mbwa anapopita.

"Kwa nini?" alimwuliza.

"Kwa sababu ya mutoto."

Hakuna aliyeuliza mtoto yupi. Mwalimu, aliyemwosha mdogo wangu siku ya maziko, akatazama chini. Baba alifungua mdomo, na mimi nilijua anataka kusema nini, lile neno la kwamba mama alisema kweli. Halikutoka.

Mwalimu akaona kwamba nyumba inabomoka mbele yake, na mwalimu wetu alikuwa mtu wa kujenga. Akajikohoza.

"Sikilizeni. Talaka imeshuka, hiyo imekwisha. Lakini haya mambo yana mulango. Kama ulisema mara moja, hiyo ni talaka moja. Mwanamuke anakaa eda yake humu humu, na we unamurudisha kwa neno, hata leo baada ya swala. Hata yeye asipotaka, haki ni yako. Mukishamaliza munanyamaza, watu wa baraza hawana la kusema. Ukisema tatu, basi, hakuna kurudi. Sasa niambie, fundi. Ile siku ulisema ngapi?"

Alikuwa anamfungulia mlango mpaka mwisho, mtu kipofu angeuona. Nilikuwa najua jibu, nilikuwa pale, na nilimwona mama amefumba macho kwa sababu na yeye alilijua. Maziwa yote yale yalikuwa kazi bure. Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilimtazama mama yangu amefumba macho vile na nilifurahi.

Baba alimtazama mama. Hakumtazama kwa lile jicho la mara moja. Alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu ambaye hajui kipimo chake.

"Tatu," alisema.

"Fikiri vizuri," mwalimu alisema. "Mutu akikasirika anaweza kusahau."

"Sikusahau. Nilisema tatu."

Nilishtuka hata nikasahau adabu. Nilisema, "Baba, hapana, ulisema—" na mkono wa mama ukanifunika mdomo. Ulikuwa unanuka mbwa. Niliuuma. Hakuuondoa.

Mwalimu alitutazama sote watatu, mmoja mmoja, kisha akasema Mungu ndiye ajuaye, akaenda msikitini peke yake.

Mama aliondoka kabla ya alasiri na wanawake wa Bugeshi waliokuwa wamemaliza kuuza viazi, na mbwa alimfuata bila kuitwa. Mtaani walisema maneno yao. Walisema fundi alikosea kipimo mara moja katika maisha yake na ikamgharimu mke, wakasema pia mtu wa milimani hana shukrani. Baba aliwaacha waseme. Alinilea vizuri, hakuoa tena, na tulikaa pamoja miaka mingi katika nyumba ile bila mimi kumwuliza. Neno moja la kweli lingeniachia mama yangu nyumbani, na baba alilimeza mbele yangu, kwa ajili ya mama, apate ule mlango wake. Siku ile ya chaki alisema mara moja tu. Mimi ndiye niliyekuwa nimembeba mbwa, nilisikia.